Kwa Nini Nilikuuliza Alama Kila Asubuhi

Mwanangu Mize,

Salamu nimekupa leo asubuhi kwa mdomo, na dua nimekusomea mbili: moja ya safari, na moja ya chakula cha bweni, ambacho nasikia kinahitaji dua kuliko hata bahari. Kwa hiyo barua hii imekosa pa kuanzia isipokuwa kwenye jambo lenyewe, na jambo lenyewe nimelizunguka tangu adhuhuri kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Wewe na mama yako mmekwenda kuaga majirani. Kwa namna mama yako anavyoaga, yaani kila nyumba anaaga mara tatu na mara ya tatu ndipo anapokaa kitako, najua sina haraka. Nimelivuta sanduku lako la bati hadi mlangoni penye mwanga, na kifuniko chake ndicho meza yangu. Naandika mchana kwa sababu taa siku hizi nikiitazama inaota miduara, kama mwezi unaotaka kuleta mvua. Utaona pia kwamba herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Sababu ni hiyo hiyo, nayo ndiyo hii.

Macho yangu hayaoni mbali. Si ya leo wala ya jana. Huu ni mwaka wa pili na ushee. Ukikaa mbele yangu nakuona hadi lile kovu la kidevuni ulipoanguka na ndoo. Ukisimama kisimani, hatua arubaini kutoka hapa, wewe ni kivuli kilichovaa kanga, na nakujua kwa sauti. Wesha, ng'ambo ya ghuba, siioni kabisa. Naivukia kila siku nikiamini ipo, kama ninavyoamini Makka ipo, nayo pia sijaiona.

Sasa yale maswali. Tangu uanze skuli ya Chake, kila asubuhi nimekukalisha mbele ya mashua nikakuuliza, "Alama?" Nawe hujibu bila kugeuka, "Zimekaa, baba." Au, "Mvinje umetoka kulia." "Umetoka kiasi gani?" "Kiasi cha mlango." "Na sasa?" "Kiasi cha dirisha." Abiria hucheka. "Nahodha, mwache mtoto apumue. Mtihani gani huu wa kila siku?" Nami hujibu kwa sauti ya mtu mwenye hekima zake, "Mtoto hufunzwa angali mbichi."

Ulipoitwa kwenye usaili wa chuo cha ualimu, wakakuuliza nani aliyekufundisha kuwa makini, ukawaambia ni baba, kwa maswali yake ya kila asubuhi mashuani. Ulinisimulia jioni ile umejaa furaha mpaka maneno yanapandana. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikasema nakwenda kumwangalia mbuzi. Mbuzi tulikuwa tumeshamuuza.

Mize, sikuwa nakufundisha. Nilikuwa nauliza njia.

Sasa umejua, na mimi nimebanwa vizuri zaidi kuliko nilivyokuwa kabla hujajua. Maana nakujua. Una moyo wa bibi yako, na kichwa chake pia, Mungu atusaidie. Utasoma mpaka hapa, utalitazama sanduku, halafu utasema kwa ile sauti yako ya chini, "Meli zipo nyingi, baba. Nitakwenda mwakani." Na mwakani nafasi yako itakuwa ya mtoto wa mtu mwingine. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Lakini nisiposema, mjomba wako Faki hataigusa mashua, na mashua isipopata mwenye macho, ama itaozea pwani ama itazamisha watu. Habari ya Faki nitaifikia. Nikigeuka huku ukuta, nikigeuka huku ukuta. Nimeishi kisiwani umri wangu wote, na sijawahi kukiona kidogo kama mwaka huu.

Ngoja nikupe angalau kitu cha kweli, usije ukadhani kila nilichokwambia majini kilikuwa hila. Alama ni za kweli. Nilifunzwa na baba yangu, mtu mchache wa maneno, na hayo machache yote aliyatumia kwangu. Siku ya kwanza aliponiachia shikio niiongoze mashua, nilikodoa macho kwenye pua ya mashua. Ikienda kulia navuta, ikienda kushoto nasukuma, jasho linanitoka kama mtu anayepigana na fahali. Yeye akageuka kutazama nyuma, ile njia ya povu tuliyoiacha, imepinda kama utumbo. Akaniuliza, "Unasafiri au unalima matuta?"

Kisha akanieleza kwamba chombo ni kizito wa kusikia. Ukikiambia jambo, kinataka muda kuelewa. Wewe usiyengoja unakiambia la pili kabla hakijalitenda la kwanza, halafu unakilaumu. Sogeza kidogo, ngoja, tazama povu la nyuma. Mpaka leo hiyo ndiyo elimu yangu nusu.

Nusu ya pili ni ghala na mvinje. Alinionyesha ghala jeupe pale ufukweni Wesha na mti mrefu wa mvinje kilimani nyuma yake. "Viweke kimoja mgongoni mwa kingine," akasema. "Pua ielekee inakotaka, hiyo si kazi yako. Kazi yako hivyo viwili visiachane." Maana maji ya kupwa yanatoka ghubani na kukusukuma ubavuni bila kukuomba ruhusa. Pua inatazama Wesha, wewe mwenyewe unakwenda kisiwani Misali, na ukiwa na alama moja tu hutajua, kwa kuwa hiyo moja iko mbele yako siku zote na inakuchekea. Mvinje ukitoka kulia kwa ghala, basi nawe umetoka kulia. Kitu cha mbali hukufuata. Cha karibu ndicho kinachokwambia pa kurudi.

Hayo niliyajua sijaota ndevu, na bado nimekwama mara nyingi kuliko mwanamume yeyote wa Ndagoni kwetu. Kwa sababu kosa langu halikuanza machoni. Lilianza mdomoni. Mimi, mtu wa maneno mengi kama unijuavyo, lile neno moja linalotakiwa huwa silipati.

Kisa cha bibi yako, mama yako hapendi nikisimulie, kwa hiyo kisome upesi.

Nilikuwa na miezi mitatu ya ndoa. Mkwe wangu, Bi Hadia, Mungu amrehemu, alikuwa Wesha na kapu la sahani alizonunua Chake, akapanda mashua yangu, tukawa sisi wawili tu. Unajua zamani mkwe alikuwa nani. Humtazami usoni, huli naye, na neno "sogea" hulisemi hata nyumba ikiungua. Yeye akakaa upande wa chini, ule mashua inakoinamia, na kapu lake ubavuni, na Bi Hadia hakuwa mtu mwembamba. Tanga lilipojaa, mashua ikalala na kutaka kugeukia upepo, na shikio likawa zito.

Shikio likiwa zito, mwanangu, kosa haliko kwenye shikio. Ama tanga limekazwa mno, ama mzigo umekaa vibaya. Nilijua. Mtu mwenye akili angesema, "Mama, tafadhali hamia huku juu." Mimi nikavuta kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, kisha kwa miwili na mguu. Nikaona niseme na mashua. "Ewe mashua," nikasema kwa sauti, "leo mbona umelemea upande mmoja?" Bi Hadia akatazama bahari. "Ewe mashua, laiti uzito wako ungekaa huku juu." Akalifunika kapu lake vizuri.

Shikio lililokazwa vile ni breki. Tukapoteza mwendo, maji ya kupwa yakatuchukua, na karibu na nyumbani kabisa, tunawasikia hata jogoo wetu, tukapanda tope mbele ya mikoko. Maji yakashuka yakatuacha hapo. Saa tano nzima, Mize. Tope haliingiliki kwa miguu, linameza mtu hadi mapajani. Mimi nyuma, yeye kati, kaa wametoka kututazama. Nilimpa mgongo kwa heshima mpaka shingo ikakakamaa.

Jua lilipokuwa kali kuliko heshima, nikasikia sauti inaliambia kapu. "Ewe kapu, sisi tulijua tumekaa vibaya tangu Wesha. Tulikuwa tunangoja kuambiwa. Tungehama wenyewe, angeona tunamfundisha kazi yake."

Nikaliambia tanga, "Ewe tanga, aliyekuwa aseme aliona haya."

"Ewe kapu, haya yake imetufikisha wapi?"

Baadaye akatoa sahani mpya kapuni, akaweka kipande cha mkate wa kumimina, akaisukuma nyuma kwa vidole bila kunitazama. Tukala tumepeana migongo, mpaka maji yakarudi.

Ungedhani nilijifunza. Faki ni mwanawe Bi Hadia, mjomba wako, na wewe ulikuwepo siku ile, umeshakaa mahali pako mbele. Zilikuwa siku za uchaguzi, watu walipofika mahali wanaulizana chama kabla ya kuulizana hali. Faki alikuja pwani amemshika mkewe, ana homa anatetemeka, anataka kupelekwa hospitali Chake. Mashua imejaa watu wa upande wangu, na mmoja akaguna, "Leo tunapakia hata hao?" Nami, ambaye kimya kikipita bila mzaha naona kimeharibika, nikasema, "Shemegi, mashua hii inalemea upande mmoja. Watu wa upande wenu wangoje inayofuata."

Inayofuata haikuwepo. Kila mtu alijua. Watu wakacheka. Mimi nilingoja Faki naye acheke, kisha nimwambie panda, nafasi ipo. Hakucheka. Akamgeuza mkewe taratibu, wakaishika njia ya nchi kavu, mwendo wa nusu siku kwa mtu mzima, seuze mgonjwa. Nilikuwa na muda wa kumwita mpaka tanga lilipopanda, na hata baada ya hapo sauti ingemfikia. Sikuita, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama. Na nyuso zao, wakati ule, nilikuwa hata sizioni vizuri.

Mkewe alipona, alhamdulillahi. Faki na mimi hatukusemezana tena. Wewe siku ile ulinijibu alama zote, ila kila jibu lilikuwa neno moja.

Kuhusu macho, nilikwenda kwa daktari Chake kwa siri. Nyumbani nilisema nakwenda kutafuta kamba. Akanimulika kwa tochi, akaniambia ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba hayakatwi mpaka yaive. "Nitajuaje yameiva?" nikamuuliza. "Utakuwa huoni kitu," akasema. Basi ndiyo dawa yangu: ningoje nipofuke ndipo nipone. Nilirudi na kamba, maana ningerudi mikono mitupu mama yako angeuliza. Kamba tunazo nne sasa.

Hapo ndipo penye kunibana. Ningesema, watu wangeshuka mashuani, na wengine wamezoea kuchekwa na mimi, wangepata zamu yao. Ningesema nyumbani, wewe ungeacha skuli ukae mbele ya mashua mpaka uolewe. Nikaona nisiseme, nikukalishe mbele hivyo hivyo, skuli uende na macho niyapate. Nilijiona mjanja. Mtu akijiona mjanja majini, atazame povu la nyuma.

Kuna jingine, na hili nisipoliandika kalamu itanisuta. Barua ya kukubaliwa kwako ilifika mkononi mwangu siku nne kabla hujaiona. Unakumbuka zile siku nne. Ulikuwa huli, ukisema bila shaka umeshindwa, wenzako wawili wameshapata majibu. Mimi nikikwambia, "Subira, mwanangu," na barua iko mfukoni, naisikia inakwaruza kila nikikaa. Niliisoma mara nyingi. Cha karibu bado nasoma, nikikileta puani. Nilifikiri, ikipotea, nani atajua? Barua nyingi hupotea. Siku ya nne nilikusikia usiku unamwambia mama yako, "Labda sikujibu vizuri. Baba alinifundisha, mimi ndiye sikushika." Asubuhi nikaitoa, nikasema imeletwa jana. Ukaniruka shingoni. Naona haya mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Na siku mbili ulizokuwa kwenye usaili nilivuka bila wewe. Nilivuka kwa shavu. Kusi ilikuwa inanipiga shavu la kushoto, nikasema nitaishikilia hapo hapo na nitafika. Upepo ni alama nzuri, ila nao hutembea. Uligeuka pole pole, nami nikageuka nao, shavu langu liko pale pale, shikio jepesi, povu la nyuma bila shaka limenyooka kama rula, nakwenda sawasawa kabisa kusikotakiwa. Nilikuwa hata nimeanza kujisifu. Ndipo Mzee Shaame, ambaye husinzia tangu Ndagoni mpaka Wesha, akafungua jicho moja.

"Nahodha," akasema, "leo tunahamia bara?"

"Nakwepa jabali, mzee."

"Jabali lipi?"

"La chini."

Akatazama maji, akanitazama mimi. Kisha akanyoosha mkono wake akauacha hewani, unaelekeza, mpaka nilipogeuza. Hakusinzia tena. Tulikuwa watu tisa, wawili watoto wachanga. Nilipofika Wesha niliwahesabu wakishuka, mmoja mmoja.

Kwa hiyo leo, wewe ukifua kanga zako za safari, mimi nilikwenda kwa Faki. Nilitaka kuwe na mtu wa kukupeleka kwenye meli kesho ambaye ataiona hiyo meli, na anayeijua njia hii kunishinda ni yeye peke yake. Niliingia uani nikamwona amesimama karibu na mgomba, nikamtolea salamu ndefu, salamu ya mtu aliyekosa, nikamwuliza hali yake na ya mkewe na ya watoto. Hakujibu. Nikasema, "Una haki usinijibu, Faki."

Sauti ikatoka nyuma yangu. "Hiyo kanzu yangu imeanikwa. Haina kinyongo na wewe. Mwenye kinyongo yuko huku."

Nikageuka. Alikuwa amekaa chini anaziba mtumbwi wake, sasa yuko karibu namwona. Nilitaka kucheka naye hakucheka, ikanibidi nikae.

"N'shajua," akasema. "Siku za skuli mashua yako inanyooka kama uzi. Siku mtoto hayumo inakwenda kama mtu anayefukuza kuku. Miye nina macho, shemegi. Nakaa hapa natazama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia wapi? Mashuani?"

Nikaona leo lile neno linalotakiwa nilitafute mpaka nilipate. Nikamwambia nilimkosea, yeye na mkewe, na kwamba nilikuwa na nafasi ya kumwita na nikamwacha. Nikamwomba radhi, si kwa mgomba wala kwa mtumbwi, kwa jina lake. Aliendelea kugonga pamba kwenye ufa, tak, tak, mpaka nikadhani hakusikia.

"Mke wangu ndiye aliyetembea," akasema. "Yumo ndani. Kamwambie yeye."

Nikaenda nikamwambia nyuma ya pazia. Mkaza mjomba wako akaniacha nimalize yote, kisha akasema, "Nimesikia. Ule muhogo huo, umechomwa sasa hivi." Nikaula wote.

Niliporudi uani Faki akaniambia ataichukua mashua. Atakupeleka kesho, na kesho kutwa ataendelea, na watapanda wote, wa upande wangu na wa upande wake, na asiyetaka akae pwani ahesabu mawimbi. Mimi nitakaa naye nikusanye kamba na kupiga porojo, kazi ninayoiweza. Nikamshika mkono. Akauvuta wake.

"Mize anajua?"

"Hajui."

"Basi sishiki."

"Faki, nikimwambia hatakwenda."

"Ndilo lako hilo. Miye sitaki mtoto wa dada yangu akae bwenini, siku moja asikie kwa wapitao kwamba baba yake alikuwa haoni na yeye alikuwa fimbo yake."

"Hakuwa fimbo."

"Alikuwa nini?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo, nalo limekaa hapa juu ya sanduku lako pamoja nami. Fimbo haijui iendako. Wewe ulijua, ulinyanyua kichwa ukatafuta ghala na mvinje katika ukungu, katika manyunyu, siku nyingine una usingizi, siku nyingine umenikasirikia, na hukuwahi kunipa alama ya uongo hata mara moja. Hata siku ile ya Faki. Ungeweza kuniadhibu kwa kusema "zimekaa" na hazijakaa. Nimekaa nyuma yako miaka miwili nikishika shikio, na watu wakiniita nahodha. Jibu la Faki unalo mwenyewe. Mimi nikilitamka nitaharibu kwa mzaha.

Mama yako naye anajua, kumbe. Wiki iliyopita niligundua kwamba samaki anayenipakulia hana miiba hata mmoja. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Samaki wa siku hizi hawana miiba," akaenda kuosha vyungu. Kwa hiyo katika nyumba hii kila mtu alikuwa amebeba siri ileile, anaificha kwa mwenzake, tunapishana nayo mlangoni. Aliyekuwa hajui ni wewe tu, na wewe ndiye uliyekuwa unaifanya kazi yenyewe.

Sasa nisikilize. Kuanzia kesho asubuhi Faki ndiye mwenye shikio. Faki haulizi alama, anaziona. Mbele ya mashua atakaa yeyote, hata mbuzi akipatikana. Maana yake huna kazi tena katika chombo hiki. Nimekuachisha, na sina haja ya kukupa muda wa kujiandaa. Ukibaki hapa kwa ajili yangu utakaa bure unitazame nikiiva.

Lakini nisikudanganye mara ya mwisho katika barua ya kuacha kukudanganya. Ndani yangu yuko mtu anayetaka ubaki. Si kwa ajili ya mashua. Anataka tu asikie "Zimekaa, baba" asubuhi, hata tukiwa tumekaa barazani na hatwendi popote. Mtu huyo ndiye aliyeiweka barua yako mfukoni siku nne. Akikusemesha kesho kwa sauti yangu, akasema "angalau mpaka Ramadhani," usimjibu.

Mnarudi, namsikia mama yako anaaga tena njiani. Nitakupa barua hii baada ya sala ya alfajiri. Isome chumbani kwako, mlango umefungwa, hata mara mbili ukitaka. Faki atangoja, na maji yatakuwa bado yanajaa. Mimi nitakuwa barazani, nimekaa kwenye kiti cha kamba. Sitakuuliza umeamua nini, na wewe usinieleze, kwa kuwa tukianza kuelezana sisi wawili meli itaondoka. Ukiwa unakwenda, toka na sanduku mkononi, na usipite kule mbali nyuma ya nyumba. Pita huku kwangu, karibu kabisa, nilione.

Baba yako